Haki Huanzia Chunguni

Nyumba yenye watoto wawili au zaidi haina haja ya kuelezwa kelele hii. Jioni imeingia, chakula kimepakuliwa, sala imesaliwa upesi upesi, na kabla mkono wa kwanza haujafika kinywani, mara sauti yapasuka: "Wake ni mkubwa kuliko wangu!" Mwingine ajibu: "Jana yeye ndiye aliyepewa kikubwa!" Wa tatu, ambaye bado hajui kusema vema, alia tu kwa kuwa wenzake wanalia.

Sisi, baba na mama wa nyumba moja ya Rumangabo, kwa miaka mingi tuliijibu kelele hiyo kwa njia fupi. Tulisema: "Nyamaza, ule." Asiponyamaza tulimwita mlafi. Akizidi, tulimwondolea hata kile kidogo alichokuwa nacho, ili ashike adabu. Tulidhani twapigana na ulafi, ambao tulifundishwa tangu katekisimu kuwa ni mmoja wa mizizi ya dhambi. Leo twajua kwamba mara nyingi tulipiga mahali pasipo na adui. Aliyetufungua macho hakuwa padre wala mwalimu, bali binti yetu wa miaka tisa, mbele ya sahani ya sambaza. Twataka kuwasimulia jambo hilo, ingawa halitupi sifa.

Kwanza yafaa mjue jinsi tunavyokula. Rumangabo iko kando ya barabara kuu itokayo Goma kwenda Rutshuru, hapo palipo makao makuu ya Mbuga ya Virunga. Udongo wetu ni wa volkano, mweusi, wenye rutuba. Maharage, mahindi, viazi na ndizi humea vizuri, Mungu akitupa mvua na watu wakituacha tulime. Chakula cha kila siku ni maharage na viazi, au bugali na sombe. Siku ya heri twanunua sambaza zilizotoka Goma. Sambaza ni samaki wadogo wa ziwa Kivu, wembamba kama kidole cha mtoto. Zamani hawakuwamo katika ziwa hilo; waliletwa kutoka ziwa Tanganyika kati ya mwaka 1958 na 1960, wakazaana, na leo ni kitoweo cha tajiri na maskini.

Tena kuna desturi. Watoto hula pamoja katika sahani moja kubwa. Desturi hii ni njema, nasi hatutaki kuiacha. Hapo mtoto hujifunza kunawa, kungoja, kula upande wake asivuke kwenda upande wa mwenzake, na kutoenda mbio ili mdogo naye apate. Lakini kitoweo hugawiwa kwa mkono, kila mtoto akiwekewa mbele yake. Bugali haupimiki kwa macho, kitoweo hupimika. Samaki mkubwa akikatwa vipande, watu waweza kubishana kipande kipi kina mifupa mingi. Bali sambaza huhesabika, na mtoto ajuaye kuhesabu mpaka kumi amekwisha kuwa hakimu.

Basi, mwaka 2022 vita vilirudi katika Rutshuru. Mwezi wa Mei mapigano yalifika hapa hapa Rumangabo, na mwisho wa Oktoba yakazidi. Watu wengi walikimbilia kusini kuelekea Goma, wakajaa Kanyaruchinya na mahali pengine. Sisi nasi tulikwenda na kurudi, kama majirani wengi. Katika miezi ile alifika nyumbani kwetu mpwa wetu, mtoto wa dada, mwenye miaka sita. Babaye hakujulikana alipo, na mamaye alikuwa mgonjwa, hawezi kumlisha. Watoto wetu wenyewe ni watatu. Sasa wakawa wanne.

Siku ya kwanza tulimpa kuliko wote. Wetu walipolalamika, tuliwaambia: huyu ni mgeni. Lakini mnajua wahenga walivyosema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi hatukumpa jembe, maana alikuwa mdogo. Ila polepole tulianza kumpunguzia mwiko. Hatukukaa siku moja tukashauriana na kuamua. Kama mngetuuliza, tungeapa kwamba twamlea sawa na wetu. Lakini mashamba yalikuwa hayajalimwa, bei ya kila kitu ilipanda, na mkono unaopakua una mawazo yake ambayo moyo haukuyakiri. Tulijisemea: tumepungukiwa, wetu ni watatu, naye hatalala njaa.

Tena yeye hakudai kitu. Wetu walipopiga kelele yao ya kila jioni, yeye alikaa kimya. Alikula kilichowekwa mbele yake, akasema "Asante mjomba, asante mama," akaenda kulala. Tulimsifu sana. Tukawaambia watoto wetu: "Mtazameni mwenzenu. Ana adabu. Yeye halalamiki."

Jumamosi moja zikapatikana sambaza. Binti yetu alikuwa ametoka katika mafundisho ya komunyo ya kwanza. Tuliweka sambaza saba mbele ya kila mmoja wa watoto wetu, na nne mbele ya mpwa. Binti akatazama sahani. Midomo yake ilitembea bila sauti, tukajua anahesabu, tukajiandaa kusikia kelele.

Hakupiga kelele. Alisema: "Mama, huyu ana nne."

"Kula chakula chako."

"Sisi tuna saba."

"Je, wewe umepunjwa? Kinachokuuma ni nini?"

Hakujibu. Alizichukua sambaza zake, moja moja, akazirudisha sufuriani zote saba, akafuta vidole, akakaa mikono magotini. Tukaona haya na hasira pamoja. Tukamgeukia mpwa wetu, tukitumaini atatutetea: "Wewe, umeonewa?"

Akasema kwa sauti ndogo: "Hapana. Mimi nimeshiba."

Naye alikuwa bado hajatia hata tonge moja kinywani.

Usiku ule hatukulala upesi. Tulizungumza gizani, kila mmoja akianza kwa kumlaumu mwenzake, na mwisho sote wawili tukanyamaza. Kwa mara ya kwanza tuliielewa kelele ya kila jioni. Watoto wetu walikuwa wakilia kwa kuwa wanajua kwamba wana fungu katika nyumba hii. Mtoto adaiye fungu lake anajua kwamba analo. Mpwa wetu hakudai, kwa sababu hakuwa na hakika kama analo. Kimya chake, ambacho sisi tulikiita adabu, kilikuwa hofu ya mtu anayeogopa kufukuzwa. Nasi tulikuwa tukiwaonyesha watoto wetu hofu ile na kuwaagiza waifuate.

Tangu hapo tulianza kuulizauliza na kusoma, tupate kujua mtoto huitoa wapi haki hii anayoililia. Tuliona kwamba wataalamu wameichunguza kwa muda mrefu. Mwaka 1932 Jean Piaget wa Geneva alitoa kitabu juu ya namna watoto wapimavyo mema na mabaya. Alieleza kwamba mtoto mdogo sana huona haki ni lile aliloamuru mkubwa. Akikua kidogo hutaka usawa kamili, kwako kimoja na kwangu kimoja. Na baadaye ndipo huanza kuitazama hali ya kila mtu, kwamba huyu ni mdogo, yule ni mgonjwa.

Karibu na zama zetu, mwaka 2015, wataalamu wakiongozwa na Peter Blake na Katherine McAuliffe walitangaza kazi waliyoifanya katika nchi saba: Kanada, Marekani, Meksiko, Peru, Senegali, India, na Uganda, jirani yetu wa ng'ambo ya mpaka wa Bunagana. Waliwaketisha watoto wawili wawili wakitazamana, jozi 866, wenye umri tangu miaka 4 hata 15. Kati yao palikuwa na chombo chenye mafungu mawili ya vitu vya kula. Mtoto mmoja ndiye aliyekuwa mwamuzi. Akivuta mpini wa kijani, kila mmoja hupata fungu lake. Akivuta mpini mwekundu, vyote humwagika katikati na hakuna apataye kitu. Mara nyingine mafungu yalikuwa sawa. Mara nyingine mwamuzi alikuwa na kimoja, mwenzake vinne. Mara nyingine mwamuzi alikuwa na vinne, mwenzake kimoja.

Ni nini kilichoonekana? Katika nchi zote saba watoto, wakiisha kukua kidogo, walikataa kupokea kimoja huku mwenzao akipokea vinne. Waliona ni heri wote wakose. Lakini kukataa vinne kwa sababu mwenzako ana kimoja, hilo lilionekana katika nchi tatu tu, yaani Kanada, Marekani na Uganda, na tena lilikuja katika umri mkubwa zaidi.

Tuliposikia hayo tulimkumbuka binti yetu akirudisha sambaza sufuriani. Haki ina pande mbili. Upande wa kwanza husema: nisionewe. Upande wa pili husema: nami nisimwonee mwenzangu. Upande wa kwanza humea karibu peke yake katika kila mtoto, kama majani baada ya mvua. Upande wa pili huchelewa, nao wataka kupaliliwa. Lakini zote mbili ni mmea mmoja. Mzazi aung'oaye ule wa kwanza kwa fimbo na kwa matusi, akidhani ni gugu la ulafi, asishangae siku moja akikosa na ule wa pili. Mtoto aliyefundishwa kwamba "wake ni mkubwa kuliko wangu" ni neno la aibu, atajifunza kutolitazama fungu la mtu yeyote, hata fungu la yatima.

Maandiko Matakatifu nayo yatufundisha jambo hili. Katika sura ya sita ya Matendo ya Mitume twasoma juu ya Wakristo wa kwanza wa Yerusalemu. Chakula kiligawiwa kila siku, na wajane wa wale waliosema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa; ndipo manung'uniko yakatokea. Angalieni: ugomvi wa kwanza ulioandikwa kati ya makundi ya waamini ulikuwa ugomvi wa chakula! Nao Mitume hawakuwaambia wajane wale kwamba ni walafi, wala hawakuwataja wale walionyamaza kuwa ndio wenye adabu. Waliita mkutano, wakaagiza wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, kati yao Stefano na Filipo, ili kazi ile itengenezwe. Na majina ya wale saba yote ni ya Kiyunani, kama kusema kwamba mwiko ulitiwa katika mikono ya upande ule uliokuwa umepunjwa. Manung'uniko yale yalilizaa Kanisa kazi ya kuwahudumia maskini mezani. Basi sisi ni nani tuyanyamazishe manung'uniko ya mezani kwetu bila kuyasikiliza?

Sasa tuwaambie tulivyofanya, si kwa kuwa sisi ni walimu, bali kwa kuwa kila nyumba yaweza kujaribu.

La kwanza, tulitafuta kipimo kimoja, tena cha wazi. Jambo hili tulijifunza siku za ukimbizi. Ninyi nanyi mwalijua kopo la Guigoz, ambalo kwetu ndilo kipimo cha maharage na unga sokoni. Pale ambapo mgawaji alijaza kopo mbele ya macho ya watu, akalisawazisha juu kwa kijiti, watu walipokea kidogo na kwenda kwa amani. Pale ambapo kipimo kilifichwa, palikuwa na kelele hata kama chakula kilikuwa kingi. Watoto nao ni hivyo. Tangu siku ile twapakua mbele yao, kwa kikombe kile kile, na kitoweo kikihesabika twakihesabu kwa sauti. Mpwa wetu huhesabiwa katikati ya wenzake, si mwisho.

La pili, tuliwapa watoto wenyewe kazi ya kugawa, wakipokezana. Sheria ni moja tu: anayegawa huchukua wa mwisho. Kumbe, hakuna mzani wa dukani unaopima vema kuliko mtoto wa miaka saba anayejua kwamba fungu dogo litabaki kwake! Hukata kiazi, akakitazama, akaongeza kipande hiki, akapunguza kile. Tena jambo jingine hutokea. Mtoto aliyezoea kutazama fungu lake tu sasa alazimika kuyatazama mafungu yote manne. Huo ndio upande wa pili wa haki, nao huingia kwa mikono kabla ya kuingia kwa maneno.

La tatu, twawapa kazi ya pamoja kabla ya chakula cha pamoja. Wataalamu wa Leipzig, katika Ujerumani, walitangaza mwaka 2011 kwamba watoto wa miaka mitatu, waliovuta kamba pamoja ili kupata gololi, waligawana sawa kuliko wale waliozipata bila kushirikiana. Hilo mababu zetu walilijua bila kwenda Leipzig. Watoto wakiketi pamoja kumenya maharage, mmoja akileta makala na mwingine akichota maji, chakula kile ni chao wote, na mwenye kukila hamwoni mwenzake kama mnyang'anyi. Mpwa wetu alipewa kazi yake kama wengine. Hapo ndipo tulipolielewa vema lile jembe la siku ya tatu: kumbe si la kumfukuza mgeni, bali la kumfanya awe mwenyeji.

La nne, twaeleza sababu, tena mapema. Haki si lazima mafungu yawe sawa kama matofali. Mwenye homa apewe yai. Mama anyonyeshaye aongezwe mboga. Kijana aliyelima tangu asubuhi hawezi kushiba kwa chakula cha mtoto wa miaka miwili. Hata mana jangwani ilikusanywa kwa hesabu ya watu waliokuwamo katika kila hema, na kila mmoja akapata cha kumtosha. Mtoto wa miaka minne aelewa ukimwambia: "Yai hili ni la ndugu yako kwa sababu anaumwa, ukiumwa wewe, utapewa wewe." Lakini sababu itajwe kabla ya kupakua. Ikitajwa baada ya kilio, yafanana na udhuru. Na kama huwezi kuitaja sababu kwa sauti mbele ya watoto wote, ujue kwamba si sababu. Sisi hatukuweza kutaja sababu ya zile sambaza nne.

La tano, hatumnyimi tena mtoto chakula kwa adhabu, na siku ya upungufu twasema kweli. Twasema: "Leo ni kidogo, nacho chatutosha hivi." Kisha fungu la baba na fungu la mama nayo yanaonekana. Kwetu kuku akichinjwa, firigisi ni ya baba, wala hakuna aulizaye. Binti yetu, akiisha kuonja ushindi wake, aliuliza. Baba alicheka, akaikata vipande. Havikuwa vikubwa, twakiri, lakini vilifika kwa wote.

Wazee wengine walituambia: "Mnawafundisha watoto kuhesabu vipande, watakuwa wachoyo." Neno lao lilitutia wasiwasi, maana ni kweli kwamba Mkristo haitwi kwa kuhesabu tu, bali kwa kutoa. Lakini tuliona kinyume cha walivyohofu. Mtoto mwenye hakika na fungu lake halilindi kama mbwa alindavyo mfupa. Yule wa pili wetu, aliyekuwa akila kwa mkono mmoja na kwa mwingine akiziba sahani, aliacha kuziba. Siku hizi humwona akimsogezea kitinda mimba kipande, bila kuagizwa. Kumbukeni yule mtoto wa Injili ya Yohane, aliyekuwa na mikate mitano ya shayiri na samaki wawili. Mikate ile na samaki wale vilikuwa vyake. Kwa hiyo palikuwa na cha kutolewa, na Bwana alikibariki kikalisha maelfu. Asiye na fungu atoe nini? Ukimnyima mtoto haki yake, umemnyima na nafasi ya kuwa mkarimu.

Hatusemi kwamba kelele zimekwisha. Zipo. Bali sasa twazisikiliza kwanza, ndipo tunapoamua. Pengine mlalamikaji hana haki, nasi twamwambia hivyo: "Hesabu mwenyewe." Akihesabu akaona sawa, hunyamaza bila kofi. Pengine ana haki, nasi twatengeneza, na kusema: "Tulikosea." Neno hilo halijavunja heshima ya wazazi katika nyumba yetu. Twadhani limeiongeza.

Na sasa tuwasimulie mwisho wake. Ilipita miezi kadhaa. Jioni moja tulikuwa na viazi na maharage, zamu ya kugawa ikiwa ya kijana wetu wa pili. Alikuwa na haraka, akakata vibaya. Mara sauti ikapasuka: "Wake ni mkubwa kuliko wangu!"

Tukainua macho tumwone ni nani. Alikuwa mpwa wetu. Alisimama magotini, kidole kikielekea kiazi cha mwenzake, uso umekunjamana kwa hasira. Watoto wote walinyamaza, wakamtazama, kisha wakatutazama sisi. Nasi tulitazamana, na machozi yakatulengalenga. Mtu angepita mlangoni angeshangaa: mtoto analia kwa hasira, na wazazi wanafurahi kama watu waliopokea habari njema. Lakini habari zilikuwa njema kweli. Mtoto yule sasa alijua kwamba ana fungu. Alikuwa amefika nyumbani.

Kiazi kilikatwa upya.

Binti yetu alipokea komunyo ya kwanza baada ya hayo. Tulikaa nyuma kidogo kanisani, tukiutazama mstari wa watoto, wenye viatu na wasio na viatu, wa hapa na waliokuja kwa kukimbia. Padre alimpa kila mmoja kilekile. Hakuna aliyepewa zaidi kwa kuwa babaye anajulikana, wala aliyepunguziwa kwa kuwa ni mgeni. Tukasema moyoni: hii ndiyo meza ambayo meza yetu yapasa kuifuata.

Basi, ndugu wasomaji, jioni ya leo mkiisha kusali na kupakua, sikilizeni ni nani anayelia, wala msifanye haraka kumwita mlafi. Kisha, kelele ikiisha kutulia, tazameni vema ni nani asiyelia kamwe. Labda ni mtoto wa ndugu, labda ni wa mke wa kwanza, labda ni mtumishi mdogo anayelala jikoni. Hesabuni na vyake. Mungu, ambaye hutupa sote mkate wa kila siku, na atupe na mkono ulionyoka wa kuugawa.